Yatima wa Ndani ya Kompyuta

Mdogo wangu wa mwisho, wa kiume, aliponiambia kwamba baba wa mchumba wake huwapima watu kwa mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja, nilimwuliza kama mzee huyo ana ugonjwa wowote unaojulikana.

"Hapana, Dada. Alikuwa engineer. Sasa ame-retire."

"Basi ni hilo. Huko kwake Fort Worth si kuna ng'ombe mpaka barabarani? Atafutiwe hata mmoja achunge."

Tulikuwa jikoni kwangu, mtaa wa Alief, Houston, Jumamosi mchana. Alikuwa ametoka zamu hospitalini, bado amevaa sare ya nesi, na alikula kama mtu anayeogopa swali linalofuata. Akanieleza. Mzee huyo alikuja Texas kusoma wakati kompyuta ilikuwa kitu cha kuwekewa miadi. Chuoni akakuta mchezo uliotengenezwa kutokana na riwaya nene ya mambo ya uchawi, ile aina ya riwaya yenye ramani mwanzoni na joka kwenye jalada. Kompyuta za siku zile hazikuweza kuchora joka, kwa hiyo zilikusimulia tu. Zinaandika kwa herufi za kijani kwenye kioo cheusi: umesimama njiani, kaskazini kuna kibanda, mashariki kuna msitu. Wewe unaandika unachotaka kufanya, kwa Kiingereza cha maneno mawili matatu. Nenda kaskazini. Chukua taa. Ua zimwi. Mashine ikikuelewa, inakuambia kilichotokea. Isipokuelewa inakuambia haikuelewi, na hiyo ndiyo kazi inayoifanya mara nyingi zaidi. Mzee alikaa mbele ya kioo hicho msimu mzima wa baridi mpaka akaumaliza mchezo, na tangu hapo, kwa maoni yake, duniani kuna waliomaliza na wengine.

"Na wewe ulimwambia nini?"

Akachokoa wali.

"Nilimwambia nime-finish."

Nikamwangalia.

"Mara mbili," akaongeza.

Ndivyo mchezo huo ulivyoingia nyumbani kwangu. Aliupata mtandaoni, maana siku hizi hata mauzauza ya zamani yamehifadhiwa, akawa anakuja kwangu kufanya mazoezi. Kwake Pearland mchumba angeweza kuingia wakati wowote na kumkuta mtu aliyemaliza mara mbili akipotea kwenye chumba cha kwanza. Yeye aliandika, mimi nilisoma kwa sauti huku nikimenya viazi. Kiingereza changu cha kusoma ni cha polepole, kwa sababu niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza, lakini mchezo wenyewe nao ulikuwa wa polepole, tukaenda sawa.

Hadithi inaanza na yatima. Kijana amefiwa na wazazi wote wawili, anaishi kando ya msitu, hasomi, na asubuhi moja anachukua upanga wa marehemu baba yake na kuondoka kwenda kutafuta taji la chuma lililopotea. Niliposoma hapo niliweka kisu chini.

"Wadogo zake wamebaki na nani?"

"Hana wadogo."

"Hana hata mmoja?"

"Dada, ndivyo kitabu kilivyo."

Nimefikiri sana juu ya huyo yatima tangu siku ile, na simpendi. Waandishi wa vitabu hivyo huwaua wazazi ukurasa wa tatu ili shujaa asiwe na mtu wa kumwuliza anaenda wapi. Wanadhani msiba ni likizo. Mimi wazazi wangu walipokufa ndipo maswali yalipoanza. Niliulizwa unga uko wapi. Niliulizwa ni nani aliyeona soksi ya kushoto. Niliulizwa, kila siku kwa mwezi mzima, Mama anarudi lini, na aliyeuliza alikuwa na miaka mitatu na sasa alikuwa amekaa jikoni kwangu akiandika kwa kidole kimoja, nenda kaskazini. Kama ningechukua upanga siku ile nikaenda kaskazini, ningefika kituo cha polisi na kurudishwa.

Kisha kuna tabia yake. Anafika kwenye kibanda cha watu. Habishi hodi. Anafungua mlango, anakuta taa mezani, anachukua taa. Mkate, anachukua. Kamba ya mwenye nyumba, anachukua.

"Unaiba," nikamwambia mdogo wangu.

"Usipochukua taa utakufa pangoni."

"Mwombe mwenyewe."

"Hayupo."

"Mngoje basi."

Akaandika ngoja, ili tu ninyamaze. Mashine ikajibu kwamba muda unapita. Akaandika tena. Muda unapita. "Unaona sasa?" akasema, na akachukua taa. Mimi nikabaki nikimfikiria mwenye kibanda, anarudi kutoka shambani kwake anakuta hana taa, hana mkate, hana kamba, na huko barabarani kuna kijana anayeitwa shujaa.

Wakati sisi tunapotea msituni, dada yetu wa kati alikuwa akipanga safari ya kujitambulisha kwa wazazi wa msichana. Yeye anaishi Missouri City, hapa hapa karibu na Houston, ana digrii mbili, na hupanga mambo kama mtu anayepakia gari la kuhama. Siku ya kujitambulisha hakuna mahari inayotajwa. Mnaenda, mnaketi, mzazi wa kijana anasimama na kusema sisi ni akina nani na kijana huyu amelelewa vipi. Wenyeji wakiridhika na aliyesimama, siku ya pili inapangwa. Wasiporidhika, mnapewa chai na kusindikizwa kwa upole mpaka kwenye gari.

Akanipigia simu.

"Dada, nisikilize bila kukasirika."

"Sema kwanza, nijue nakasirikia nini."

"Wale ni watu wamesoma. Tukienda bila mwanamume mzee tutaonekana kama watoto waliookotana. Nimeongea na Prof wa kanisani. Amekubali kuwa baba mdogo."

"Baba mdogo wa nani?"

"Wetu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

Nikamwuliza mimi nitakuwa nani. Akasema, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba nitakuwepo, na kwamba hakuna anayepika chapati kama mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano Mama alipofariki, na Baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Dada yangu alikuwa na tisa. Sitajifanya mnyenyekevu hapa: nilikitaka kiti hicho cha mzazi. Nilikuwa nimekitaka tangu siku mdogo wetu alipoanza darasa la kwanza, mwalimu akauliza mzazi wa huyu yuko wapi, nikainua mkono, na darasa zima likacheka, mwalimu akiwemo. Nilifikiri kwamba siku moja nitainua mkono tena na hakuna atakayecheka. Nikamwuliza mdogo wangu mwenyewe anaonaje. Akasema, "Dada, si ni siku moja tu?" Nikanyamaza. Nikapika chapati arobaini.

Tuliondoka kwenda Fort Worth asubuhi na mapema, gari moja, watu wanne. Prof alikaa mbele kwa suti ya kijivu na tai. Ni mtu mwema, simsemi vibaya zaidi ya anavyostahili. Shida yake ni kwamba alikuwa amekisoma kitabu chenyewe, juzuu zote tatu, na kutoka Houston mpaka karibu na Dallas, saa nne nzima, alitueleza maana yake. Mimi nilikuwa nyuma, sufuria ya chapati mapajani.

"Uyatima pale," alisema Prof akiutazama uso wangu kwenye kioo cha gari, "ni ishara ya uhuru."

"Ahaa," nikasema.

Nje kulikuwa na nyasi, bango la wakili, nyasi, na bango la wakili yule yule.

Nyumba ilikuwa kubwa, ya matofali, na viatu vimepangwa mlangoni kama kwetu. Tulipokelewa vizuri. Dada yangu akatutambulisha: huyu ni baba mdogo, amekuwa nguzo yetu, huyu ni mdogo wetu mnayemjua, na huyu ni dada yetu mkubwa, ametusaidia sana. Ametusaidia. Niliwapa wote mkono. Prof akaelekezwa kwenye kiti chenye mikono ya mbao, mkabala na baba wa msichana, nami nikakaa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, mahali pa mtu atakayeitwa.

Maombi yakaombwa, chai ikanywewa. Prof akakohoa ili aanze hotuba yake. Baba wa msichana akainua kiganja.

"Kabla hatujafika huko, mwenzangu. Nasikia kijana huyu amemaliza mchezo wangu mara mbili. Na wewe, nasikia umesoma kitabu. Sijawahi kupata bahati kama hii. Njooni."

Mdogo wangu akageuka rangi ya unga wa dona. Prof akamgusa bega, akamnong'oneza, "Niachie mimi," akainuka kwa furaha ya mtu aliyeitiwa taaluma yake.

Niliwafuata na sinia ya chai, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Chumba kile kilikuwa na kompyuta ya rangi ya meno, kiti kimoja, na ramani kubwa za penseli ukutani, mapango na njia zote alizochora mzee mwenyewe ujanani. Mtu mzima alikuwa ameipima nchi isiyokuwepo kwa uangalifu ambao wengine hawajawahi kuutumia kwenye kiwanja chao. Prof akaketi. Mlango wa kwanza pangoni umefungwa. Akaandika, kwa Kiingereza cha barua ya serikali: kwa heshima na taadhima, naomba ufungue mlango huu ili nipate kuingia.

Mashine ikasema haielewi.

Prof akafikiri. Akaandika: kwa kurejelea ombi langu la hapo juu.

Mashine ikasema haielewi.

"Andika fungua mlango," mzee akasema, akicheka mpaka anapiga goti.

"Bila hata salamu?"

"Ni mlango, Prof."

Ukafunguka. Prof akaingia na kuuawa. Akaanza upya, akaingia, akaanguka kwenye shimo. Mara ya tatu akakutana na mlinzi wa mawe, na hapo akajua la kufanya, kwa sababu kwenye juzuu ya pili shujaa anamwimbia mlinzi huyo wimbo wa mama yake. Akaandika imba. Mlinzi akamkata kichwa.

"Kitabuni anaimba!" Prof akalalamika.

"Wote waliosoma kitabu hufia hapo!" Mzee alikuwa na machozi ya furaha. "Aliyetengeneza mchezo alikosa nafasi ya wimbo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Akaweka kichwa kinakatwa. Ni kifupi zaidi."

"Basi ni upotoshaji!"

"Ni uhandisi!"

Wakaanza kubishana ni kipi bora, kitabu au mchezo, na huku wanabishana Prof anaandika, anakufa, anaanza upya. Hotuba ya kututambulisha ilikuwa mfukoni mwa koti lake, na koti alikuwa amelitundika kwenye kiti. Mdogo wangu alisimama nyuma yao akitikisa kichwa kukubali kila mara kama mtu anayekumbuka njia. Niliacha chai nikatoka.

Mama wa msichana alikuwa jikoni akikatakata kachumbari. Yeye pia ni nesi, wa miaka mingi.

"Wakianza hivyo," akasema, "ni mpaka mgongo umwume. Nimeolewa na mchezo huo, mama. Keti hapa na mimi."

Nikaketi, nikachukua kisu na mimi. Akaniuliza kama kijana wetu amelelewa na huyo baba mdogo.

Ningeweza kusema. Lakini nilikuwa nimekubali kwa kunyamaza, na mimi nikikubali jambo nalibeba mpaka mwisho hata likiwa la kipumbavu. Nikasema, "Alilelewa nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye vitunguu. Hakuuliza tena swali hilo. Akauliza mengine, madogo madogo, ya kinesi: alizaliwa na uzito mzuri, amewahi kuugua kifua, kuna chakula kinachomdhuru? Na hayo nilikuwa nayo tele. Nikamwambia kifua kilimsumbua mpaka alipofika miaka sita. Nikamwambia hali maharagwe mpaka yatolewe maganda, na kwamba akidanganya hushika sikio. Akauliza lile kovu refu la mkononi. Nikamwambia alianguka kwenye machimbo ya mawe akiwa na miaka saba, akifuata mwanambuzi asiye wetu, na kwamba nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, naye njia nzima ananiuliza kama mwanambuzi amepona.

"Ulimbeba wewe."

"Alikuwa mwepesi."

Akaacha kukata. Nilijiona nimelinda siri ya wadogo zangu kama askari, na kumbe nilikuwa nimeimwaga yote kwenye bakuli la kachumbari.

Ilikuwa yapata saa tisa wanaume walipotoka. Prof alikuwa amelegeza tai, nywele zimesimama, na alikuwa amefika, kwa maneno yake, mbali sana. Mzee alimwita "rafiki yangu". Tukala. Baada ya kula kila mtu akarudi mahali pake, mimi kwenye stuli yangu, na Prof akatoa karatasi.

"Kabla hujasoma, Baba," akasema mama wa msichana kwa sauti ya kawaida kabisa, "kijana huyu ana kovu mkononi. Alilipata wapi?"

Prof akatabasamu. "Ni la utotoni."

"Ndiyo. Wapi?"

"Alianguka."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka juu."

"Juu ya nini?"

Nimeona watu wakikwama, lakini sijaona mtu aliyekwama mara mbili kwa siku moja kwa namna ile ile. Alijaribu mti. Mama wa msichana akasema hapana. Akajaribu baiskeli. Akajaribu kueleza kwamba katika mila zetu makovu ya mtoto ni mali ya ukoo mzima. Dada yangu alikuwa ananikodolea macho kutoka kwenye kochi, akitikisa kichwa taratibu, nisiseme. Sikuwa na nia ya kusema. Nilitazama sakafu. Nakumbuka vigae vilikuwa vya kahawia na kimoja kilikuwa na ufa.

Mdogo wangu akasimama. Alikuwa ameshika sikio, kisha akaliachia.

"Mama, Baba. Huyu si baba mdogo. Ni mzee wa kanisa letu, tulimwomba. Samahani, Prof. Sisi hatuna wazazi, tangu nikiwa mtoto. Aliyenilea ni yule pale."

Wote wakaigeukia stuli yangu.

"Aliacha shule ili mimi niende. Niliona haya kwamba ni mwanamke, na hana vyeti vya shule. Niliona haya hata leo asubuhi, kwenye gari." Akamgeukia baba wa msichana. "Na ile gemu sija-finish. Hata mara moja. Nimekwama kwenye daraja."

Mama wa msichana alikuwa ananitazama mimi. Msichana alikuwa anamtazama mdogo wangu, na machozi yanamlengalenga. Na baba wa msichana, ambaye amesikia kwamba ndugu wa mkwe wamekodi baba, kwamba familia nzima imeingia nyumbani kwake na uongo, alikuwa ameshika kifua.

"Hata mara moja?" akauliza.

Prof alikunja karatasi yake. Ninampa heshima yake kwa hili: aliinuka bila kuambiwa, akaja mpaka kwenye stuli, akasema, "Dada, naomba tubadilishane." Dada yangu wa kati aliziba uso kwa viganja. Alikaa hivyo muda mrefu, na nilipopita nikamgusa kichwa, kwa sababu na yeye nimemlea, hata kama digrii mbili zimemsahaulisha.

Nikakaa kwenye kiti cha mikono ya mbao. Kilikuwa kigumu kuliko stuli. Sikuwa na karatasi, na sikuwa nimeandaa chochote, maana chapati hazimpi mtu nafasi ya kuandaa. Nikaanza na baba yetu na mama yetu, walitoka wapi na walikuwa watu wa namna gani. Nikasema tulibaki watatu. Nikasema kwamba kijana huyu mnayemwona amedanganya leo na hiyo si mara ya kwanza, lakini hajawahi kulala na uongo siku mbili, na kwamba kama mnataka mtu ambaye hadanganyi kabisa sisi hatunaye, tunaye huyu. Nikasema aliyoyafanya mabaya na aliyoyafanya mema. Nikaona mama wa msichana anatikisa kichwa kukubali, na nikaona hakuna anayecheka, nikaendelea.

"Samahani," baba wa msichana akaingilia, akimwinamia mdogo wangu, "daraja lipi? La kamba au la mawe?"

"Nyamaza wewe," mke wake akamwambia. "Mzazi anazungumza."

Mzee akaweka mikono mapajani kama mwanafunzi, na mimi nikaendelea pale nilipokuwa nimefika, mwaka ambao mdogo wangu alikuwa darasa la pili na kiatu kilikuwa kimoja.